Mwembe wa Kampemba na likeni za kule kwenye barafu: metali zinafikaje kule, na sisi huku tuogope nini hasa

Swali lililotumwa:

"Dokta jambo. Miye niko Lubumbashi ku Kampemba, tuko na mwembe moja mukubwa mu parsele. Ku ngozi ya ule muti kuko vibaka vya kijivu, vingine vinakaa kijani kijani. Kuko muntu alituma audio ku WhatsApp ya kartie, anasema vile vitu vinaitwa likeni, na hata kule mwisho ya dunia ku barafu, kwenye hakuna usine wala mine, vinakutwa na plomb na merkiri. Njo nikajiuliza, kama kule hakuna kitu na vimejaa sumu, sisi benye tuko karibu na sheminee itakuwa je? Mama-mukwe anasema muti uko mugonjwa, tuukate. Mutoto wangu wa miaka ine anacheza pale chini kila siku na anakula manga yake. Alafu jirani moja anauzisha pudri ya likeni ya Islande, anasema inavuta metali yote mu damu. Tuinunue? Na je, naweza kujua hewa ya kartie yetu kwa kuangalia tu vile vibaka?"

Mama, jambo sana, na asante kwa kuandika kila kitu bila kuruka. Nasikia umeuliza juu ya mti, juu ya hewa, juu ya pudri, lakini kinachokunyima usingizi ni mtoto, na hapo uko na haki kabisa. Nitakujibu haraka kwanza alafu nieleze: mwembe usikatwe, vile vibaka sio ugonjwa. Manga aendelee kula, zioshwe tu vizuri. Ile pudri usinunue, na kama mtu wa nyumbani ameanza kuinywa aache leo. Vile vibaka vinaweza kutuambia kitu kuhusu hewa lakini sio kwa macho peke yake. Na mtoto wa miaka minne pale Kampemba, kama metali inamuingia, njia yake kubwa ni vumbi, mikono na chakula, sio likeni.

Tuanze na mama mkwe maana naye amesema kitu ambacho watu wengi wanaamini. Likeni haili mti. Imekaa juu ya gome tu, haina mzizi wa kuingia ndani kunyonya, na chakula chake inajitengenezea yenyewe, kwa sababu likeni sio kiumbe kimoja, ni kuvu na mwani wanaishi pamoja, kuvu anajenga nyumba na kushika maji, mwani anatengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Fanya hivi: asubuhi kavu, chukua maji kidogo na kidole, dondosha kwenye kibaka kimoja cha kijivu alafu kaa ukiangalie. Ndani ya dakika moja hivi utaona kijivu kinapotea na kijani kinatokea, kwa sababu ngozi ya juu ya kuvu ikilowa inaruhusu mwanga kupita na ule mwani wa chini unaonekana. Muite mama mkwe aone na yeye. Kama matawi ya mwembe yanakauka au majani yanakuwa meusi, hapo kuna ugonjwa mwingine, muite mtu wa kilimo aangalie mti wenyewe.

Sasa metali. Ile audio ilisema kweli nusu. Likeni haitengenezi risasi (ndiyo plomb) wala zebaki (ndiyo merkiri), inazipokea tu, na inazipokea sana kwa vile ilivyoumbwa. Jani la mwembe lina ngozi ya nta, ndiyo maana linang'aa na maji yanateleza, likeni haina hiyo nta, na haina mizizi, kwa hiyo maji na madini yake karibu yote yanatoka hewani, kwenye mvua, umande, ukungu na vumbi, na inayapokea kwa mwili mzima. Haimwagi majani kila mwaka kama miti ya miombo. Na inakua taratibu mno, kule kwenye baridi kuna moja inayokaa juu ya mawe, Rhizocarpon geographicum, ya njano-kijani na mistari myeusi, inaongezeka chini ya milimita moja kwa mwaka na inaweza kuishi mamia ya miaka. Shati jeupe ukiliacha kwenye kamba miaka hamsini bila kulianua utalikuta na vumbi la miaka hamsini, hata kama unakaa mahali safi, na mtu akilipima atasema "hili shati limejaa vumbi" bila kukuambia lilikaa pale muda gani.

Lakini likeni iko hai, na inashika metali kwa njia ambazo shati haliwezi. Kwanza kuna vipunje vinavyonasa kati ya nyuzi za kuvu. Ukiweka kipande chini ya mikroskopu unaviona vimekaa pale, vyeusi na vya kahawia, havijayeyuka, vinaweza kukaa miaka. Alafu kuna metali iliyoyeyuka kwenye maji ya mvua: kuta za seli za kuvu zina chaji hasi, metali ina chaji chanya, zinashikana ndani ya dakika chache tu, na hii inatokea hata likeni ikiwa imekufa. Njia ya tatu ni polepole, metali inapita ukuta na kuingia ndani ya seli yenyewe, na hapo ndo inaweza kuumiza, maana inavuruga usanisinuru wa mwani. Kuvu naye anajitetea. Likeni zinazoishi juu ya mawe yenye shaba zimekutwa zimeifunga shaba pamoja na asidi ya oksaliki, inakuwa chumvi isiyoyeyuka, imekaa nje ya seli, haimdhuru mtu. Kwa mtu wa Katanga aliyezoea kuona maua yakiota juu ya udongo wa mukuba (ndiyo shaba) hii haitamshangaza sana, kuna viumbe vimejifunza kukaa na metali.

Kwa hiyo kukuta metali kwenye likeni hakumaanishi mahali pale pana sumu ya kuua. Inabidi uulize ni kiasi gani, na imetoka wapi.

Kule kwenye ncha za dunia kiasi mara nyingi ni kidogo, risasi inahesabiwa kwa miligramu chache ndani ya kilo nzima ya likeni kavu, wakati karibu na kiwanda cha kuyeyusha metali unaweza kukuta mamia, hata maelfu. Kwa hiyo ile hesabu uliyoifanya, kwamba kama kule pamejaa basi kwetu ni mara mia, haiendi hivyo moja kwa moja kwa sababu kule hapajajaa. Kinachowashtua wanasayansi ni kwamba ipo kabisa, mahali ambapo haikupaswa kuwepo.

Na inafikaje? Vipunje vikubwa vinavyotoka kwenye sheminee, lile bomba la moshi la kiwanda, au kwenye lori vinaanguka karibu, kilomita chache au makumi ya kilomita. Vile vidogo sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, vinaelea siku nyingi hata wiki, upepo unavibeba mpaka mvua au theluji ivishushe. Ncha ya Kaskazini iko karibu na viwanda vya Ulaya na Asia, na wakati wa baridi hewa ya kule inatulia, mvua hakuna, ule moshi unakaa kama ukungu wa rangi ya udongo mpaka majira ya kuchipua. Zebaki ina tabia yake: inaruka kama mvuke, inaweza kuzunguka dunia miezi mingi, alafu jua la kwanza likitoka kule baada ya usiku mrefu, bromini inayotoka kwenye chumvi ya bahari inaibadilisha na inashuka yote chini kwa siku chache. Hii waliiona mara ya kwanza mwaka 1995 kule Alert, Kanada, mashine zilionyesha zebaki ya hewani imepotea ghafla, watu wakadhani labda vyombo vimeharibika.

Kusini ni hadithi nyingine, bara la Antaktika limezungukwa na bahari na upepo mkali unaolizunguka, linafikiwa kwa shida. Lakini linafikiwa. Barafu ya kule imehifadhi risasi ya viwandani tangu mwaka 1889, na kwa kulinganisha isotopu za risasi, yaani uzito wa atomi zake, waligundua inafanana na ile ya migodi ya Broken Hill kule Australia. Amundsen, mtu wa kwanza kukanyaga Ncha ya Kusini, alifika Desemba 1911, kwa hiyo moshi ulimtangulia zaidi ya miaka ishirini. Mwaka huo huo wa 1911 ndo tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha mukuba. Mimi nikifikiria hilo naona kabisa kwamba hewa haina mpaka wa mji wala wa nchi.

Tena sio kila metali ya kule ni ya kiwanda cha mbali. Kwenye kisiwa cha King George, ambapo nchi nyingi zimejenga stesheni zao, watafiti wamepima sana likeni za jamii ya Usnea, zile zinazofanana na ndevu, na pale unatafuta majenereta ya mazuti, ndege, takataka za zamani, lakini pia vumbi la mawe ya volkano, na hata mavi ya penguini, kwa sababu penguini anakula kamba wadogo wa baharini wenye shaba na kadimiamu nyingi alafu anakuja kuziacha nchi kavu. Kutofautisha tunapima pia alumini, ambayo iko kwenye kila udongo: kama risasi na alumini ziko kwa uwiano ule ule wa udongo wa pale, basi ni vumbi la kawaida, kama risasi imezidi mbali, kuna mkono wa mtu.

Na kuna mahali kule kaskazini ambapo inafanana na kwetu zaidi kuliko unavyofikiri. Norilsk na Monchegorsk, Urusi, wameyeyusha nikeli na shaba kwa miaka mingi, na karibu na viwanda hivyo likeni hazijai metali tu, zinapotea kabisa, watu wanaita jangwa la likeni, kwa sababu pamoja na metali inatoka gesi ya salfa na hiyo ndo inayoua mwani haraka. Alaska kuna mgodi wa zinki na risasi unaitwa Red Dog, una barabara ya zaidi ya kilomita 80 mpaka bandarini, malori yalikuwa yanadondosha vumbi njiani, wakapima moss, ile mimea midogo laini inayofunika ardhi, pembeni ya barabara, metali juu kabisa karibu na barabara na inapungua ukienda mbali. Waliweka malori yenye vifuniko vya chuma badala ya turubai na vumbi likapungua. Namtaja huyu mgodi kwa sababu wewe mama unaona malori yanapita kila siku, na nataka ujue kwamba kifuniko cha lori sio kitu kidogo.

Nirudi kwa chakula, maana umeuliza juu ya manga. Kule kaskazini likeni zilileta shida ya kweli kwa watu, lakini kupitia nyama. Paa wa kule, wanaitwa reinidia, wakati wa baridi wanakula likeni karibu tupu. Mwaka 1986 kiwanda cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, sesiamu 137, metali yenye mionzi, ilianguka na mvua juu ya Norway na Sweden, likeni zikaishika kama zinavyoshika metali, reinidia wakazila, na Wasami, wenyeji wa kule ambao maisha yao ni mifugo hiyo, wakalazimika kutupa nyama nyingi. Hiyo ndo njia: likeni, mnyama anayekula likeni, mtu anayekula mnyama. Mtoto wako hali likeni na manga hailishwi na likeni. Vumbi linaweza kukaa juu ya ganda la manga, hilo kweli, ndo maana nasema ioshe na umenye.

Sasa hewa ya kartie. Kutumia likeni kusoma hewa ni kazi ya zamani, Nylander, mtaalamu wa likeni, aliandika mwaka 1866 kwamba bustani ya Luxembourg mjini Paris ina likeni nyingi ambazo sehemu nyingine za mji hazina. Lubumbashi upepo mwingi unatoka kusini-mashariki, ndo maana moshi wa sheminee ulichoma miti upande wa kaskazini-magharibi, pale Penga Penga wazee watakuambia palivyokuwa na watu wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) wamefanya kazi kubwa ya kujaribu kurudisha majani pale. Ukienda mbali kwenye miombo utakuta zile ndevu zinaning'inia kwenye matawi. Mjini utakuta vibaka vilivyolala bapa kwenye gome. Hiyo tofauti inasema kitu, ndevu ni dhaifu kwa gesi. Lakini usiseme "kwetu kuna vibaka kwa hiyo hewa safi", kwa sababu kuna likeni zinazovumilia moshi na vumbi vizuri sana, na zinaweza kuwa zimejaa metali huku zinaonekana nzima. Na kutokuwepo kwake kunaweza kuwa ni joto tu, au gome limepakwa chokaa.

Kama shule au kikundi cha kartie kinataka kujua kweli, inawezekana: kuchukua likeni safi mbali na mji, kuzifunga kwenye vifuko vya nyavu, kuzitundika sehemu tofauti miezi kadhaa, alafu kupeleka labo. Wanazikausha, wanazisaga, wanaziyeyusha kwenye asidi ya nitriki na kupima. Zinashikwa na kibano cha plastiki, sio cha chuma, na zinawekwa kwenye bahasha ya karatasi, maana kwenye sashe ya plastiki zinaoza. Ni kazi ya pesa na ya watu, usiifanye peke yako. Kwa nyumba moja mimi ningeanza na vumbi: kufagia kipande cha ndani ya nyumba na kupima vumbi lile na udongo wa parsele. Hapo jibu linakuhusu wewe moja kwa moja.

Ile pudri inaniumiza roho, kwa sababu wanamuuzia mama mwenye hofu. Likeni ya Islande, Cetraria islandica, watu wa kaskazini wanaila tangu zamani na wanaitumia kwa kikohozi, hilo sikatai. Lakini fikiria: kiumbe kinachoshika metali kila inapopita, kimekauka, kimesagwa, unakinywa. Metali iliyokuwa ndani yake inaingia nayo, kama ilitoka mahali pachafu unakunywa risasi kwa mkono wako. Na kushika metali kwenye maji ya mvua sio sawa na kuivuta kwenye damu, pudri inapita tumboni, damu haiioni. Tena kuna likeni nyingine, zile za Usnea, zina asidi ya usniki, na dawa za kupunguza mwili zenye hiyo asidi ziliharibu maini ya watu mpaka Marekani wakatoa onyo mwaka 2001. Wewe huwezi kujua jirani ana likeni gani kwenye kile chupa. Aliyeikunywa akiona macho ya njano, mkojo mweusi kama koka, au tumbo linauma upande wa kulia juu, aende lopitali siku hiyo hiyo na ile chupa mkononi. Dawa za kutoa risasi mwilini zipo, za daktari, baada ya kupima damu, na zenyewe zina madhara, hazinywewi kwa kubahatisha.

Tufike kwa mtoto. Mwaka 2009 watafiti wa UNILU na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, kobalti ilikuwa juu sana, na watoto walikuwa juu kuliko watu wazima kwa vitu vingi. Mtoto anakaa chini, mkono unaenda kinywani. Kwa hiyo: mikono ioshwe na sabuni kabla ya kula, kila mara, hata kama ni biskuti tu. Ndani ya nyumba deki na kitambaa kibichi, usifagie vumbi likiwa kavu na mtoto yupo. Pale chini ya mwembe anapocheza ukiweza panda majani yafunike udongo, au mwaga mchanga safi. Lengalenga na matembele ya bustani ya karibu na barabara ya malori au mtoni chini ya usine, kuosha kunatoa vumbi la juu lakini hakutoi kilichopita kwenye mzizi, bora ununue ya mbali ukiweza, na najua sio kila mara utaweza, basi changanya, leo ya hapa kesho ya kwingine. Kama baba au kaka anafanya kazi ya mukuba au kobalti, avue nguo na viatu vya kazi nje, aoge kabla ya kumbeba mtoto, na zile nguo zifuliwe peke yake. Na betri za gari zisifunguliwe kwenye parsele hata siku moja, risasi nyingi ya watoto inatokea hapo.

Hayo yote unaweza kuanza leo bila kumuona mtu. Lakini mpeleke kwa daktari kama anakula udongo, kama tumbo linamuuma mara kwa mara na choo kigumu, kama amepauka, anachoka, au umeona maneno aliyokuwa anayasema yanarudi nyuma. Akipata degedege hiyo ni ya kukimbia usiku huo huo. Ukifika usiseme tu "ana sumu ya mines", mwambie daktari unakaa wapi, baba anafanya kazi gani, maji ya kunywa yanatoka wapi, mtoto anacheza wapi, kama kuna mtu anayefungua betri jirani, na uombe kipimo cha risasi kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita lazima chanzo kitafutwe na kiondolewe, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kabisa. Kama kituo chenu hakina hicho kipimo, uliza Shule ya Afya ya Umma ya UNILU wanapokea wapi sampuli. Mikono ya mtoto ioshwe na ikaushwe kabla hawajamchoma kidole, maana tone la damu likichanganyika na vumbi la mkononi matokeo yanatoka ya uongo, na ikitoka juu kwa damu ya kidole waombe warudie kwa damu ya mshipa kabla hamjaanza dawa yoyote.